Fungu la Mtoto Wako Limeandikwa kwa Jina Jingine

Hotuba hii niliitoa Makorora, Tanga, mbele ya wazazi na walezi wa watoto wenye ulemavu. Wengi walishindwa kufika, wengine kwa sababu hawakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Naiweka yote kama nilivyoisema.

Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti wa mtaa, ahsante kwa kutupa ukumbi, na ahsante zaidi kwa kukaa nasi, maana viongozi wetu kwa kufungua mkutano na kuondoka hawajambo.

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi kina baba wachache mliokaa kule nyuma karibu na mlango, karibuni. Mtoto akilia, msimtoe nje. Akipiga kelele, mwacheni. Humu ndani hakuna atakayegeuka kumtazama.

Nilikuwa afisa ustawi wa jamii mpaka nilipostaafu. Yaani nimekaa upande wa pili wa ile meza mnayoiogopa. Kwa hiyo leo sikuja kuwatia moyo. Moyo mnao, bila moyo msingekuwa mnaamka usiku mara nne kumgeuza mtoto. Nimekuja kuzungumza habari ya pesa. Pesa tu.

Swali nililoulizwa kuliko yote kazini ni hili: “Mama, serikali ina fungu gani la mtoto mlemavu?” Nitalijibu bila kuzunguka. Posho ya kila mwezi, ya kila mtoto mwenye ulemavu, awe wa tajiri au wa maskini, huku Tanzania Bara haipo. Narudia, haipo. Ukivuka mpaka wa Horohoro hapo, wenzetu wa Kenya wana mpango unaoipa kaya maskini inayomlea mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Uingereza ina posho ya mtoto mwenye ulemavu wa chini ya miaka 16. Shangazi yako aliye huko akikutumia sauti kwenye simu kwamba wenzenu wanalipwa, anasema kweli. Lakini anasema ya huko, na wewe unaishi Mikanjuni.

Basi tufunge mkutano? Twende tukapike?

Hapana. Pesa ipo. Ipo vipande vipande, na kila kipande kimeandikwa jina jingine. Kipo cha kaya maskini. Kipo cha mtoto wa chini ya miaka mitano. Kipo cha mwanafunzi. Kipo cha mwanamke mwenye biashara ndogo. Na kipo kimoja kikubwa tunachokionea haya kukidai, kimo mfukoni mwa baba yake. Ukisimama kwenye korido ukitafuta mlango ulioandikwa “ulemavu”, utasimama mpaka ofisi zifungwe. Mwanao ni mtoto wa kaya maskini, ni mwanafunzi, ni mgonjwa, na ana baba. Ingia kwa majina hayo.

Tuanze na TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, kwa kuwa ndilo jina linalotajwa kila baraza. Mpango wake wa kunusuru kaya maskini ulianza 2012. Awamu ya pili ilizinduliwa Februari 2020, na katika awamu hiyo kaya yenye mtu mwenye ulemavu ikawekewa ruzuku yake, mbali na ile ya msingi. Mmesikia hapo? Fungu likawekwa. Sasa nawauliza: nani alimwandikisha mwanao?

Kaya za TASAF haziokotwi mezani. Hutajwa kwanza kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa au wa kijiji, majirani wakiwepo. Kisha watu hupita nyumbani na dodoso. Watauliza mko wangapi, nani ana umri gani, nani anasoma, nani ana ulemavu, paa la nini, mwapikia nini. Hayo majibu ndiyo yanayopelekwa kupimwa.

Ipo nyumba moja Ngamiani. Barabara siitaji, maana barabara zetu zina namba, nikiitaja tu mtafika. Vijana wa dodoso walibisha hodi asubuhi. Bibi mwenye nyumba akawakaribisha barazani, akawaletea kahawa na kashata. Wakauliza, “Bibi, mko wangapi humu?” Akasema wanne. Walikuwa watano. Wa tano alikuwa chumba cha uani, binti wa miaka kumi na mmoja, mwenye mtindio wa ubongo, na redio imefunguliwa sauti ya juu, taarabu inapiga, ili binti asisikike. Vijana wakaandika wanne, wakamaliza kahawa, wakashukuru, wakaenda zao.

Bibi yule si mtu mbaya. Yeye ndiye aliyekuwa akimlisha yule binti, uji kijiko kwa kijiko, ameinuliwa kichwa asipaliwe, mlo mmoja saa nzima. Ila tangu mtoto amezaliwa alikuwa akiambiwa kwamba nyumba imeingiwa na mkosi. Akaona haya mbele ya wageni. Wazee walisema mficha uchi hazai, na bibi aliujua msemo huo kunishinda mimi. Lakini haya ina bei, wenzangu. Kaya ya watu wanne wazima, na kaya ya watano ambayo mmoja hawezi kukaa mwenyewe na mwingine hawezi kutoka kwenda kibaruani kwa sababu anamwangalia, hizo ni kaya mbili tofauti kabisa. Karatasi iliandika ile ya kwanza. Bibi akakosa, na akasema TASAF wana upendeleo.

Upendeleo upo mahali pengine, sikatai. Nimeuona. Lakini pale ulikuwa haupo.

Kwa hiyo mtoto aonekane. Mkutano wa mtaa ukiitwa, nenda naye. Usimwache kwa jirani, usimlaze ndani. Nenda naye, kaa mbele, na jina la kaya yako likifika, simama useme mwenyewe: mwanangu ni huyu, hali yake ni hii. Jirani aliyemwona mtoto kwa macho yake hawezi kuinua mkono kusema wewe unajiweza.

Na karatasi zake ziwepo. Nilipokuwa mezani, mzazi alikuwa ananieleza kwa machozi, nami namwelewa, lakini faili halielewi machozi. Faili lataka cheti cha kuzaliwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano cheti hutolewa bure, kwenye ofisi ya kata au kwenye kituo cha afya. Bure, na bado watu wanangoja mpaka mtoto ana miaka tisa ndipo wakahangaike na ada na viapo. Faili lataka barua ya daktari inayotaja hali ya mtoto kwa jina lake, isiishie kwenye “anaumwa”. Lataka barua ya mtendaji wa mtaa. Toa nakala tano tano, weka kwenye mfuko wa plastiki, tundika mahali ambapo mvua na panya hawafiki. Na kama mtu anakuuzia fomu ya msaada, au anakupigia simu utume elfu kumi ya usajili, huyo ni tapeli. Fomu hizi haziuzwi. Kata simu.

Sasa matibabu. Sera yetu ya afya inasema mtoto wa chini ya miaka mitano atibiwe bila malipo kwenye vituo vya serikali. Mnajua na upande wa pili wake, kwamba dirisha la dawa linaweza kukuambia “hii hatuna, kanunue nje”. Lakini kumwona daktari, vipimo, kulazwa, hivyo usikubali kutozwa kwa mtoto wa miaka mitatu. Akishapita mitano na huna uwezo, upo msamaha. Msamaha hautolewi kwenye dirisha la malipo, kwa hiyo usigombane na yule binti wa risiti, hana mamlaka hayo. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Hospitali yetu ya Bombo ofisi hiyo ipo. Afisa atakuuliza maswali, ataandika, ndiye mwenye kuidhinisha. Na uende kabla ya huduma. Wengi walikuwa wananijia bili imeshafika laki mbili, mtoto yuko wodini, mama analia kwenye ngazi.

Tulizoea CHF, yaani mfuko wa afya ya jamii, ambao kaya ya watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kwa rufaa ulikutoa zahanati ya mtaani mpaka hospitali ya mkoa. Na kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, iliyoweka mfuko wa kugharamia wasio na uwezo. Hao wasio na uwezo wanatambuliwaje? Kwa njia zile zile: kaya, mtaa, dodoso. Aliyefichwa chumba cha uani hatambuliki huko pia. Mnaona kwa nini nimekaa sana kwenye habari ya yule bibi?

Lakini mzazi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo atakwambia kinachommaliza si dawa. Ni nauli. Mazoezi tiba mara mbili kwa wiki, bajaji kwenda, bajaji kurudi, kwa sababu daladala haimsubiri mtu mwenye mtoto asiyeshika shingo. Kwa hili serikali haina fungu, nasema wazi. Hapa tunajisaidia wenyewe. Wazazi wa Mwanzange walipangana: wote waombe siku moja ya kliniki, bajaji moja, mama watatu na watoto watatu, nauli inagawanywa. Na mwambie mtaalamu wa mazoezi tiba akufundishe ya kufanya nyumbani, akuone ukifanya mbele yake, akurekebishe mkono.

Kiti nacho. Kiti maalumu cha dukani bei yake inatisha. Wako mafundi wanaotengeneza kiti cha mtoto kwa maboksi na magazeti. Msicheke. Maboksi yanakatwa, yanabandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa kama uji, yanakandamizwa, yanaanikwa juani mpaka yanakuwa magumu kama ubao, kisha yanapigwa vanishi. Mtoto anapimwa kwanza, mgongo, paja, goti mpaka kisigino, maana kiti kisichomkaa kinampinda zaidi. Nimekikalia kimoja, na mwili wangu mnauona. Hakikulia.

Wenye watoto wenye ualbino: mafuta ya kuzuia jua, yale ya Kilisun yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, hugawiwa bure. Ulizieni kliniki ya ngozi, na Chama cha Watu wenye Ualbino. Msinunue ya dukani kwa mtaji wa samaki.

Naja kwenye kile nilichosema tunakionea haya. Kina baba wa pale mlangoni, nyinyi mmekuja, kwa hiyo haya ninayosema si yenu. Wapelekeeni wenzenu.

Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wake, na hairuhusu abaguliwe kwa ulemavu wake. Haijalishi mlifunga ndoa msikitini, mlifunga kanisani, mmeachana, au hamkufunga kabisa. Mtoto ana baba. Baba ana wajibu.

Alikuja kwangu mama mmoja wa Mabawa. Mume ni utingo wa malori. Siku daktari alipowaeleza hali ya mtoto, wakatoka nje ya hospitali, mume akasema, “Kwetu hatuna watoto wa namna hii,” akapanda bodaboda. Hakurudi tena kulala. Mama akauza vitumbua. Alfajiri yuko kwenye chungu cha vitumbua, mtoto kafungwa mgongoni, mafuta yanaruka. Nikamwuliza kwa nini hukudai matunzo? Akaniambia, “Chake sikitaki.” Nikamwambia, dada yangu, wewe hukitaki, sawa. Mtoto naye kakuambia hakitaki?

Alinyamaza kidogo. Wiki iliyofuata akarudi na daftari la shule, kurasa zimepigwa mistari kwa rula. Bajaji ya kliniki. Dawa ya kifafa. Pampasi, za mtoto wa miaka saba, mnajua bei yake inavyopanda na saizi. Sabuni ya ziada. Maziwa. Siku ambazo hakuuza kwa sababu mtoto alidondoka kifafa usiku. Kila mstari na tarehe, na risiti kwa pini. Nilikuwa nimeona mawakili wenye faili baya kuliko lile.

Tukamwita mume kwa barua. Akaja na kaka yake mkubwa, wamenuna. Kaka akaanza na habari za ukoo. Nikamsogezea daftari. Akalisoma, akageuza ukurasa, akasoma tena, akamwambia mdogo wake, “Hizi zote ulikuwa hutoi hata moja?” Wakaandikiana. Miezi miwili akalipa, wa tatu akakata simu. Mama akaenda mahakamani, msaidizi wa kisheria akamsindikiza. Hao wasaidizi sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 inawatambua, na hawatozi. Mahakama ikatoa amri. Sasa analipa. Analipa kwa kununa, anachelewa, anamtuma mtu alete. Kununa hakupunguzi noti.

Kwa hiyo nunueni madaftari. Leo. Hata ambaye baba yupo nyumbani na anatoa vizuri, Mungu ambariki, andika. Daftari lile lile linatumika kwa TASAF, linatumika kwa msamaha wa hospitali, linatumika kwa kamati ya zaka. Ndiyo, zaka. Suratul Tawba imetaja makundi manane ya wanaostahili, na la kwanza ni mafakiri, la pili maskini. Waislamu wenzangu tunampa mzee anayepiga hodi mwezi wa Ramadhani, na jirani aliyefungiwa ndani na mtoto hafiki mlangoni kwetu. Imamu akionyeshwa daftari atajua pa kuanzia.

Mikopo ya halmashauri nitaisema kwa tahadhari. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri hutengwa: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024. Haina riba. Wazazi wengi wanakimbilia ile mbili, wanaambiwa mtoto hajafika umri wa kukopa, wanarudi wamevunjika. Mama, wewe ni mwanamke. Ingia kwenye nne. Kikundi cha mama watano wenye watoto hawa, kimesajiliwa kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kina akaunti, kina biashara inayojulikana, kinaomba kama kikundi kingine chochote.

Lakini mkopo ni deni. Hauna riba, ila ni deni. Usiuchukue kulipa bili ya hospitali. Usiuchukue kwa biashara inayotaka uwe Muheza kufuata machungwa saa kumi na moja alfajiri wakati mtoto wako huwezi kumwacha. Chagueni kazi inayofanyika uani, mkapokezana zamu ya kuangalia watoto. Na kama mna kikoba kinachokwenda vizuri, mimi ningeanza na kikoba. Wataalamu wa mikopo wasinisikie.

Shule nitapita haraka. Elimu bila ada ipo tangu 2016, na mtoto wako yumo. Mwalimu mkuu akikuambia “hapa hatuwezi watoto hawa”, mwombe akuandikie maneno hayo kwenye karatasi na kuyatia sahihi. Mara nyingi nafasi hupatikana hapo hapo. Wasioona kuna Irente, Lushoto. Na ambao watoto wao watafika chuo, wapo, msikate tamaa mapema, mwombaji mwenye ulemavu huangaliwa kwa namna yake kwenye mkopo wa elimu ya juu, fomu yake ikiwa imethibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Msamaha wa ushuru wa gari lililotengenezwa kwa mtu mwenye ulemavu nao upo katika sheria ya forodha ya Afrika Mashariki. Mwenye kuagiza gari humu ndani anyooshe mkono. Sawa, tuendelee.

Nimalize na kamati. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka kuwe na kamati ya watu wenye ulemavu kuanzia mtaa na kijiji, kata, wilaya mpaka mkoa. Kamati hiyo ndiyo mahali pa kuuliza: mwaka huu halmashauri imetenga kiasi gani? Nani alipata? Viti mwendo vilivyoletwa viko wapi? Mtu mmoja akiuliza hivyo anaitwa mkorofi. Mama thelathini wakiuliza, wanaletewa viti wakae.

Hapa Makorora kamati ina wajumbe gani? Nani kati yenu anawajua? Naona mikono miwili.

Mwenyekiti, nimekuona unaandika tangu nianze, nami nimefurahi. Watu hawa wanataka kusikia mambo mawili kutoka kwako kabla hatujala: majina ya wajumbe wa kamati hiyo, na tarehe ya mkutano ujao wa mtaa. Kama kamati haijaundwa, sema haijaundwa, tuiombe iundwe siku hiyo hiyo. Meza ya kuandikisha wasio na vyeti vya kuzaliwa iko kule kulia, chini ya feni, na binti mwenye kilemba cha bluu ana kalamu za kutosha.

Kipaza sauti hiki hapa, mwenyekiti. Karibu.